Sensa haikuulizi kabila, lakini mirathi itakuuliza

Haya wadau, swali la leo ni dogo tu. Serikali ya Tanzania inajua wewe ni kabila gani?

Jibu la haraka ni hapana. Agosti 2022 makarani wa sensa walipita mitaani wakauliza umri, elimu, kazi, choo, paa la nyumba na mengine kibao. Kabila hawakuuliza. Dini hawakuuliza. Tukahesabiwa watu 61,741,120, na hakuna kitabu cha serikali kinachoweza kukwambia kati ya hao Wazaramo ni wangapi au Wamakonde ni wangapi. Mara ya mwisho sensa kuuliza mambo hayo ilikuwa 1967.

Wabongo wengi tunalijua hilo na tunatamba nalo. Majirani wakivurugana kwa ukabila, sisi tunapiga kifua. Ila kuna mahali pamoja ambapo dola bado inataka kujua wewe ni nani, wa ukoo gani, wa dini gani na uliishi vipi. Na jibu linaweza kuamua kama mama yako atabaki kwenye nyumba au atafungasha virago. Mahali penyewe ni mirathi.

Leo tuelewane imekuwaje nchi iliyojitahidi kufuta kabila kwenye makaratasi ikaliacha mlangoni kwa mjane. Ninaongelea Bara. Zanzibar wana utaratibu wao na mahakama zao za kadhi.

Tuanze hapa hapa Kunduchi. Kama unadhani watu mchanganyiko ni mambo ya juzi, nenda kaangalie magofu. Kuna mabaki ya msikiti wa kale, na makaburi yaliyopambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China. Maana yake kabla Mjerumani hajakanyaga huku, watu wa pwani hii walishazoea wageni, bidhaa za ng'ambo na ndoa za mchanganyiko. Wenyeji ni Wazaramo. Baadaye wakaja waliofuata samaki, waliofuata kokoto za Mtongani, waliofuata kazi kiwanda cha saruji pale Wazo, na waliofuata kiwanja cha kujenga. Leo ukigonga nyumba kumi za mtaa mmoja unaweza kukuta makabila kumi na ndoa ambazo hata watoto hawajui waseme wao ni nani.

Mkoloni hakupenda mchanganyiko wa namna hiyo, ulimpa shida kutawala. Wajerumani walitumia maakida na Kiswahili, wakampeleka mtu wa pwani akatawale watu wa bara. Waingereza walipoichukua Tanganyika wakabadilisha mpango. Gavana Donald Cameron alifika 1925, na 1926 ikaja sheria ya mamlaka za wenyeji: kila kabila na chifu wake, na mahakama yake. Ili utawaliwe, kwanza ilibidi uwe na kabila. Kwenye makabila ambayo hayakuwa na chifu mkubwa, chifu alitafutwa.

Mjini nako mambo yalikuwa hivyo hivyo, ila kwa rangi. Dar ilikatwa vipande: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Sheria nayo ilikatwa vipande. Mzungu na sheria yake, Mhindi na yake, Mwafrika na mila za kabila lake. Moja ya sheria zilizotumika huku ilitungwa India mwaka 1865, ni sheria ya urithi. Ishike hiyo kichwani, tutairudia.

Uhuru ulipokaribia, swali likawa: tunafanyaje na vipande vyote hivi? Oktoba 1961 Bunge lilijadili uraia, na wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa watu weusi tu. Nyerere akawaka. Akasema wazi kuwa serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kufanya uraia kuwa suala la rangi. Muswada ukapita bila ubaguzi huo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1963 madaraka ya machifu yakafutwa. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya mahakama za mahakimu, na kwa sheria hiyo mahakama za wenyeji za mkoloni zikaondoka, kadhi wa Bara naye akabaki bila mahakama. Hakimu mmoja kwa watu wote. BAKITA ikaundwa 1967 kusimamia Kiswahili. Vyama vingi vilipoanza 1992, sheria ikasema chama kinachotetea kabila, dini au eneo fulani hakisajiliwi. Hadi leo katiba yetu, ibara ya 20, inasema hivyo.

Mkakati wenyewe ukiuangalia vizuri ni huu: usilihesabu kabila, usilisajili, usilipe cheo. Ngoma yake ichezwe, nyumba yake ijengwe pale Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, watoto wa shule waende kuishangaa. Lakini mlangoni mwa serikali lisiingie.

Na umefanya kazi, tusiwe wachoyo wa shukrani. Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walikufa watu zaidi ya 1,100 na maelfu kwa maelfu wakakimbia makwao, na mtu alijulikana adui au rafiki kwa jina lake la ukoo. Uganda walifuta falme zao 1967, wakazirudisha 1993, na mvutano kati ya Mengo na serikali kuu haujaisha. Hapa kwetu Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Akifa mmoja, mtani anakuja msibani kuleta vituko mpaka mfiwa anacheka na machozi yanamtoka. Hata Rais Samia aliposimikwa kuwa Chifu Hangaya kule mkoani Mwanza Septemba 2021, watu walichukulia ni heshima na sherehe, hakuna aliyesema Wasukuma wameshika nchi.

Sasa subiri. Msiba umeisha, watani wamepewa chao wameondoka, turubai limeshushwa. Kinafuata kikao cha ukoo. Hapo ndo kabila linaacha kuwa utani na kuwa sheria.

Iko hivi. Serikali ile ile iliyounganisha mahakama haikuunganisha sheria ya mirathi. Kwenye ndoa ilijitahidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliziweka ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za bomani chini ya paa moja. Tena mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ikasema kazi za nyumbani za mke ni mchango, kwa hiyo ndoa ikivunjika mke ana haki kwenye mali iliyochumwa. Lakini hiyo ni talaka. Mume akifa, unarudi kwenye vipande vya mkoloni. Milango ipo mitatu.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu zieleweke. Baba ana nyumba Mtongani, thamani yake shilingi milioni 72. Amefariki bila wosia. Ameacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili. Wazazi wake walishatangulia.

Mlango wa kwanza, sheria ya Kiislamu. Mjane anapata moja ya nane kwa kuwa kuna watoto, yaani milioni 9. Zinabaki 63. Wa kiume anahesabiwa mafungu mawili, kila wa kike fungu moja. Kwa hiyo kijana anapata milioni 31 na nusu, kila binti anapata milioni 15 na laki saba na nusu.

Mlango wa pili, ile sheria ya India ya 1865. Mjane anapata theluthi moja, milioni 24. Watoto wanagawana 48 sawa kwa sawa bila kuangalia jinsia, milioni 16 kila mmoja. (India yenyewe iliiweka kando sheria hiyo ikatunga nyingine 1925. Sisi tukaendelea na ile kuukuu.)

Mlango wa tatu, sheria ya mila. Mwaka 1963 serikali ilichukua mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, ikaziandika kama kanuni moja. Za mirathi zimo kwenye Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka huo. Nia ilikuwa nzuri tu, badala ya mila mia moja tuwe na moja inayosomeka. Ila walichoandika ni hiki: warithi wana madaraja matatu. Mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, ndugu zake wa kiume daraja la pili, mabinti daraja la tatu, la mwisho. Mjane? Ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, mjane hana fungu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Basi.

Umeona hiyo? Nyumba ile ile, mke yule yule aliyebeba matofali. Mlango wa kwanza ana milioni 9, wa pili ana 24, wa tatu ana sifuri na ahadi ya kulelewa.

Nani anachagua mlango? Hapa ndo patamu. Kinachoangaliwa ni marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Kubatizwa peke yake hakukutoi kwenye mila. Jina la Kiislamu peke yake halimalizi mjadala. Mahakama inauliza: alikuwa anaenda kwao? Alishika mila? Alifunga ndoa ya namna gani? Kesi moja ya 1969 ilihusu Mngoni aliyeoa Mchaga na kuishi maisha ya mjini hapa Dar. Mahakama Kuu ikaona mtu huyo alishaachana na maisha ya kimila, mali yake ikaelekezwa kwenye sheria ya 1865. Hata jengo unaloingia linategemea jibu hilo: Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi ya kimila na ya Kiislamu, ile nyingine ni ya mahakama za juu yake.

Sasa rudi Kunduchi ujiulize. Baba ni Mkurya, mama ni Mzaramo. Wamejenga Mtongani, watoto wanaongea Kiswahili tu, kwao Tarime wameenda mara mbili maishani, zote za misiba. Huyo aliishi kimila? Na tukisema tufuate mila za mama, Wazaramo kwa asili ni watu wa ukoo wa mama, kama Waluguru na Wakwere. Kanuni za 1963 hazikuandikwa kwa ajili yao kabisa. Kwa hiyo watoto wa nyumba moja wanakaa wanasubiri mtu mwingine aamue baba yao alikuwa nani. Na kabla kesi haijafika popote, baba mdogo ameshafika na basi la usiku, ameshika funguo za nyumba.

Watu hawakukaa kimya. Mwanamke mmoja wa Kagera alirithi shamba la baba yake, akaliuza 1988. Ndugu wa kiume akapinga, kwamba kimila mwanamke anatumia tu ardhi ya ukoo, hauzi. Kesi ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akasema ubaguzi huo unapingana na katiba. Mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Ushindi mkubwa ule.

Wakaja wajane wawili wa Kisukuma. Kila mmoja alifiwa na mume, shemeji wakachukua nyumba. Wakaenda Mahakama Kuu kupinga zile kanuni za 1963 zenyewe. Hukumu ikatoka 2006. Mahakama ilikiri kwamba kanuni zinawabagua wanawake, halafu ikakataa kuzifuta. Hoja yake ilikuwa kwamba ukigusa mila moja, utafungua njia ya kugusa mila zote za makabila yetu zaidi ya 120, na hiyo si kazi ya mahakama. Rufaa nayo ikakwama kwa sababu za kiufundi. Wakaenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja mkataba, iwalipe fidia na ibadilishe sheria.

Mnaona mahali hapo? Nchi isiyotaka kuhesabu makabila, siku mjane alipodai haki yake, ikayahesabu. Zaidi ya 120, ni mengi mno, tuyaache yalivyo. Kwenye vyama, bungeni na sensa, wingi wa makabila ulikuwa sababu ya kuwa na kanuni moja kwa wote. Kwenye nyumba ya marehemu, wingi ule ule ukawa sababu ya kutogusa kitu.

Sasa linganisha na Kenya, wale tunaowacheka. Sensa yao inauliza kabila, redio zao zinatangaza kwa lugha za makabila, siasa zao ndo usiseme. Lakini wana Sheria ya Urithi ya 1972, iliyoanza kutumika Julai 1981, na kwa sehemu kubwa ni moja kwa watu wote. Mtoto wa kike na wa kiume ni sawa, mjane anabaki kwenye nyumba. Waislamu waliruhusiwa 1990 kufuata sheria yao, na ardhi ya kilimo na mifugo ya baadhi ya wilaya za wafugaji ikawekwa pembeni. Afrika Kusini nayo, mwaka 2004, Mahakama ya Katiba ilifuta kanuni ya kimila ya kumpa mwanamume pekee urithi, tena bila kuogopa makabila ni mangapi.

Najua kuna atakayesema, basi tutunge sheria moja ya mirathi, kazi imekwisha. Si rahisi hivyo. Kwa Mwislamu mafungu ya mirathi yamo kwenye Qur'an, si mila ya babu tu ya kubadilisha kwenye semina. Ndiyo maana suala la Mahakama ya Kadhi halifi. CCM waliliweka kwenye ilani ya 2005, na mwaka 2015 muswada uliobeba jambo hilo ukaondolewa bungeni. Mkristo anaogopa kodi yake isiendeshe mahakama ya dini ya mwenzake. Mwislamu anauliza kwa nini sheria ya 1865 iitwe ya serikali na yake iitwe ya dini. Wote wawili wana hoja, na mtu anayekwambia mmoja wao ni mjinga anakudanganya.

Ila tusichanganye mambo mawili. Mwislamu anayefuata mirathi ya dini yake anafuata kitu alichokichagua na anachokijua, na mjane ana fungu lake lililotajwa. Zile kanuni za 1963 ni kitu kingine. Hakuna mtoto wa Kunduchi aliyezichagua. Wengi hawajawahi kuzisikia mpaka siku wanaambiwa watoke. Hizo serikali ingeweza kuzibadilisha bila kugusa msikiti wala kanisa, na tayari imeshaonyesha ubavu kwenye mambo mazito kuliko hilo. Serikali iliyoweza kufuta uchifu ndani ya miaka miwili ya uhuru haishindwi kumpa mjane theluthi. Kilichokosekana ni mtu wa kuona kwamba nyumba ya marehemu nayo ni sehemu ya nchi.

Wakati tunasubiri wakubwa, mambo ya kufanya yapo.

Kwanza, mwambie mzee wako aandike wosia. Najua, mtoto wa Kiswahili kumwambia baba aandike wosia ni kutafuta laana. Basi mtume shangazi. RITA wanasaidia kuandika na kutunza wosia. Ila jua kwamba wosia wa Kiislamu haupiti theluthi ya mali, na haumpi mtu ambaye tayari ni mrithi.

Pili, ndoa iwe na cheti. Mwanamke aliyeishi na mtu miaka ishirini bila karatasi ndiye wa kwanza kuambiwa hakuwa mke.

Tatu, jina la mama liingie kwenye hati au mkataba wa kiwanja kama kweli walinunua pamoja. Kilicho chake kwenye karatasi hakiingii kwenye mali ya marehemu.

Nne, kikao cha familia kikikaa, nenda. Muhtasari wa kikao hicho ndio unaopelekwa mahakamani kumpitisha msimamizi wa mirathi. Usisaini karatasi hujaisoma eti kwa sababu ameileta baba mkubwa. Na msimamizi si mrithi wa vyote, kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Ukiona anajenga ghorofa lake kwanza, mahakama iliyomteua inaweza kumwondoa.

Ni hayo tu kwa leo. Uwanja ni wenu. Kwenu nani aliamua mlango upi utumike baba alipoondoka, na mama alipata nini? Semeni hapo chini, bila kutaja majina ya watu, na tafadhali matusi ya dini na makabila muyaache huko huko.